Chumba Namba Saba cha Mzee Kalinga

Mzee Timotheo Kalinga alikuwa na imani mbili: ya Kilutheri, aliyoirithi kwa baba yake, na ya chumba namba saba, aliyoianzisha mwenyewe. Ya kwanza aliiendea kila Jumapili. Ya pili aliifungua kila siku ya kazi saa moja kasoro robo asubuhi, kwa mlango wa nyuma, kwa ufunguo ambao hakumwachia mtu.

Nilimkuta mwaka 1976, nilipopangiwa kazi katika ofisi moja ya vibali vya mifugo mjini Iringa. Nilitoka Chuo Kikuu, binti mwenye shahada na sanduku la vitabu, na hakuna aliyejua anifanyie nini. Wakaniweka meza ya kona ndani ya chumba namba saba, nikaambiwa nijifunze utaratibu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Jengo lilikuwa na vyumba kumi na viwili, mlango mmoja wa mbele, na dirisha moja pembeni mwa mlango huo. Dirishani alikaa Rozalia, mama wa makamo wa Kihehe mwenye mwandiko mzuri kuliko wote ofisini. Kila mwananchi alianzia kwake. Rozalia aliuliza jina, jina la baba, kijiji na shida, akaandika yote kwenye karatasi, akatazama Kitabu cha Vyumba, akakutajia chumba. Mlinzi wa ukumbini alikagua karatasi hiyo, na bila karatasi hupiti.

Sasa ukimaliza chumba cha tatu ukaambiwa shauri lako linaendelea cha tano, usidhani unakwenda cha tano, ijapokuwa mlango wake unauona. Unatoka nje, unapanga foleni, na Rozalia anakuuliza jina, jina la baba, kijiji na shida, anaandika karatasi mpya kana kwamba umezaliwa dakika ile. Mwananchi mwenye shauri la hatua tano alizaliwa mara tano kwa siku, na jioni alionekana hivyo.

Kitabu cha Vyumba kililetwa kutoka Mbeya na mkuu wetu, Bwana Alinanuswe. Huko Mbeya alikuwa na jengo la vyumba kumi na viwili, na kitabu kilifanya kazi vizuri sana. Alipohamishiwa Iringa akakuta na hapa vyumba ni kumi na viwili, aliona hakuna haja ya kuuliza zaidi.

Chumba cha saba kilikuwa kikubwa kuliko vingine kwa sababu ukuta wake mmoja ulivunjwa kuwapisha wapiga chapa wanne, ambao hawakuletwa. Mzee Kalinga alikaa miaka miwili akiitazama nafasi ile tupu. Kisha akaomba mabenchi matano ya msonobari kutoka Mafinga, akayapanga kuzunguka meza yake, akayapa namba kwa rangi nyeupe, zenye mkwaju katikati: 7/1, 7/2, mpaka 7/5. La kwanza lilikuwa la maelezo. La pili, barua ya kijiji. La tatu, Bwana Mifugo na mhuri wake. La nne, njia mifugo itakayopita. La tano, sahihi.

Mtu akishaingia, haulizwi tena jina lake wala la baba yake. Karatasi yake inabaki mezani, na kinachoongezwa ni kile tu kilichobadilika. Yeye mwenyewe anapewa kadi ndogo, na kila akihama benchi Mzee Kalinga anakata namba ya zamani kwa mstari mmoja na kuandika mpya. Namba iliyokatwa ilisomeka bado, kwa hiyo likitokea kosa alisema tu, "Rudi saba mkwaju mbili," na mtu akajua pa kurudi.

Vibali vilivyochukua siku nne vikachukua asubuhi moja. Watu walisikika wakicheka mle ndani, jambo lililomleta Bwana Alinanuswe mara mbili kuchungulia.

Sheria ilikuwa moja: usitoke. Choo kilikuwa nyuma ya jengo, na njia ya kukiendea ilikuwa mlango wa mbele. Ukitoka kwa haja yoyote, pa kurudia ni dirishani.

"Umeshaenda?" Mzee Kalinga alimuuliza kila aliyeingia.

"Kwenda wapi, mzee?"

"Unajua. Kama hujaenda, nenda sasa, kabla sijakuandika."

Hivyo watu wakajifunza kujibana kwa ajili ya maendeleo, na hakuna aliyeona kasoro. Mimi nilikuwa nikiandika ripoti juu ya chumba hicho, kurasa kumi na mbili, zenye michoro. Sikuona pia.

Bwana Alinanuswe, ili asionekane yuko nyuma, alitoa agizo lake. Kwa kuwa chumba cha saba kilihitaji karatasi moja tu kwa kila mtu, basi ni marufuku mtu wa chumba hicho kuandikiwa karatasi mbili kwa shauri moja ndani ya mwezi mmoja. Rozalia alilibandika agizo juu ya dirisha lake. Tulilisoma kama pongezi.

Ng'washi aliingia Jumanne moja ya mwezi wa kumi. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka kama arobaini, amevaa makatambuga yaliyolika kisigino. Yeye na mumewe Bujiku walikuwa wanahama kutoka Shinyanga kwenda bonde la Usangu, ambako ndugu yao Nkuba alikwishatangulia. Walikuwa na ng'ombe arobaini na mmoja na mwezi na nusu wa kutembea miguuni. Njia ya Mtera, nje kidogo ya mji, walizuiwa kwenye zizi la ukaguzi kwa sababu kibali chao kiliishia mpakani mwa mkoa. Wakapewa mpaka Jumamosi saa sita mchana. Saa hiyo ikifika bila kibali kipya, ng'ombe wanageuzwa kurudi walikotoka. Bujiku alibaki kuwalinda. Ng'washi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kipana zaidi, akaja kutafuta karatasi.

"Wakigeuzwa watafia njiani, baba," alimwambia Mzee Kalinga. "Watatu wamelala tayari, hawataki kusimama. Pale zizini nyasi zimekwisha, wanalamba udongo."

"Hawatageuzwa, mama. Hapa ukishaingia umeingia."

Alipita benchi la kwanza na la pili kabla ya saa nne. La tatu lilikuwa tupu. Bwana Mifugo wetu, kijana aitwaye Philbert, mwezi ule alikuwa amegawanywa: Mafinga siku zote, na Iringa Alhamisi tu, asubuhi. Kwa mara ya kwanza tangu mabenchi yaje, ilibidi mtu atoke chumba cha saba kabla shauri lake halijaisha. Mzee Kalinga hakubabaika. Alikata 7/2, akaandika 7/3 kwa herufi kubwa, akampa kadi.

"Alhamisi asubuhi unaonyesha hii. Huanzi upya. Unakuja moja kwa moja benchi la tatu."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja, mama."

Nililiandika neno hilo kwenye ripoti yangu, nikalipigia mstari.

Alhamisi Philbert alifika saa mbili, akagonga mihuri ya watu sita, akakaa kusubiri wa saba. Saa nne Mzee Kalinga alitazama mlango. Saa tano akatazama saa.

"Watu hawa hawajui saa," alisema. "Unamtengenezea mtu njia iliyonyooka, yeye anakwenda kuzubaa sokoni."

"Labda ng'ombe wamemshughulisha," Philbert alisema.

"Ng'ombe ndio wangemleta mbio."

Saa sita kamili Philbert alifunga mhuri wake kwenye mkoba, akapanda lori la kurudi Mafinga. Mimi nilitoka kwenda kula. Ng'washi alikuwa amekaa kwenye ngazi za mbele, kadi mkononi, macho kwenye dirisha. Nilimpita. Nina tabia ya kumpita mtu kwanza, halafu kutafuta maneno. Nilipofika barabarani nikarudi.

"Mama, mbona hukuingia?"

"Niko hapa tangu saa moja. Yule mama wa dirishani anasema chumba changu hakipo."

Sikuwa na ujasiri wa kumkabili Rozalia. Nilichukua kadi, nikampelekea Mzee Kalinga, nikamwambia kwa sauti ndogo yaliyotokea. Alisimama. Alivaa koti. Akapita ukumbini akatokea mbele ya jengo, mahali ambapo, nilikuja kujua baadaye, hakuwa amesimama kwa miaka mitatu. Alikuwa akiingia kwa nyuma na kutoka kwa nyuma. Alitazama foleni kama mgeni anayetazama mto uliofurika.

"Kamwene, Rozalia."

"Kamwene, mzee. Panga foleni."

"Rozalia! Huyu mama ana kadi yangu."

"Nimeiona. Imeandikwa saba mkwaju tatu." Alimgeuzia Kitabu cha Vyumba. "Soma mwenyewe. Kuna saba, kuna nane. Hiyo saba mkwaju tatu iko wapi?"

"Iko ndani ya saba."

"Ndani ya saba mimi sijaingia. Mimi nina kitabu."

"Si ungemleta saba tu?"

"Hakuniletea saba. Aliniletea namba nyingine. Leo nimpitishe huyu, kesho mtu aje na sabini na tatu, naye nikuletee?"

"Basi ungemwandika upya!"

Rozalia alinyoosha kidole juu ya dirisha, kwenye agizo. "Jumanne nilimwandika. Nikimwandika leo, ni mara mbili kwa mwezi mmoja. Na agizo hilo, mzee, limetoka kwa ajili yako."

Foleni yote ilikuwa ikisikiliza. Mzee Kalinga alilisoma agizo. Alikuwa ametengeneza njia nzuri kuliko zote jengoni, na nje ya mlango wake hakuna aliyeijua.

Hapo Ng'washi akainuka kwenye ngazi.

"Nisikilizeni," alisema, na hakuwa anaomba. "Kaya ya Nkuba, ndugu ya mume wangu, ina nyumba saba ndani ya uzio mmoja. Mgeni akitokea mbali akatuuliza sisi majirani, nyumba ya mke wa tatu wa Nkuba ni ipi, tumwambie haipo? Sisi wa nje nyumba za ndani ya uzio wa mtu tutazijuaje? Tunamwambia, nenda kwa Nkuba! Akifika uani, wenyewe watamwonyesha. Mmekaa na vitabu, mmevaa makoti, binti huyu msomi mmemweka kwenye kona kama mtungi, na wote mmeshindwa kusema nenda kwa Nkuba?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, wakafuata wengine. Mimi, niliyefananishwa na mtungi, niliona ulinganisho huo hauna kasoro kubwa.

Mzee Kalinga alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Alinanuswe, nikamfuata. Alieleza vizuri: Kitabu hakihitaji kujua mabenchi yake, kinahitaji mstari mmoja tu, kwamba namba yoyote inayoanza na saba na mkwaju ipelekwe saba. Mengine atayamaliza mwenyewe ndani.

Bwana Alinanuswe alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Ndugu Kalinga, wazo nalikubali kimsingi. Andika dokezo. Kikao cha utaratibu ni tarehe kumi na tisa mwezi ujao."

"Ng'ombe wana mpaka Jumamosi, bwana mkuu."

"Ng'ombe si wajumbe."

Tulirudi mbele. Ng'washi alikuwa amesimama palepale dirishani, na Rozalia alikuwa ameinama juu ya Kitabu. Rozalia alipanga chumba mtaa wa Mlandege, kwenye nyumba ya wapangaji tisa. Siku zile barua zote za wapangaji zilifikia kwa mwenye nyumba, naye akazigawa kwa majina. Sijui kama ndicho alichokifikiria. Alichukua penseli, akaandika chini kabisa ya ukurasa, kwa ule mwandiko wake mzuri: *Chochote kinachoanza na saba, peleka saba.*

"Kwa penseli si kuandika," alimwambia Mzee Kalinga. "Mkuu akija kukagua, nina kifutio. Mama, pita."

Ng'washi akapita moja kwa moja mpaka benchi la tatu, akaketi. Bwana Mifugo alikuwa njiani kwenda Mafinga na mhuri wake.

Zilibaki siku mbili. Kitu ambacho Mzee Kalinga alikuwa amewakataza watu kwa miaka yote, sasa alikifanya mwenyewe: akatoka. Alikunja karatasi ya Ng'washi, akaitia kwenye mfuko wa koti, akanikabidhi chumba na ufunguo.

"Msomi, kesho utakaa mezani. Na mlango wa nyuma usimfungulie mtu. Mtu yeyote, unasikia?"

"Nasikia, mzee."

Ijumaa asubuhi alipanda lori la mbao lililokuwa linarudi Mafinga tupu. Alimkuta Philbert hayupo ofisini. Amekwenda vijijini kuchanja. Alimsubiri mpaka jua likazama, kwenye kiwanda kimoja cha mbao, juu ya gogo. Philbert alipotokea alisoma karatasi, akakumbuka kwamba hajawakagua ng'ombe, akakumbuka pia kwamba Jumatatu, akirudi kutoka safari, alipita njia ya Mtera akawaona wote zizini, akagonga mhuri juu ya gogo lilelile. Mzee Kalinga alilala Mafinga, na alfajiri akapata lori lenye mbao. Juu ya zile mbao, kwenye pembe ya karatasi, alikata 7/3 akaandika 7/4. Alinionyesha baadaye, mwandiko ulikuwa unatetemeka kwa mashimo ya barabara.

Jumamosi tulikuwa tunafanya kazi nusu siku. Ng'washi alifika saa moja na nusu, akaonyesha kadi, Rozalia akatazama chini ya ukurasa, akasema, "Saba." Akaja kuketi benchi la tatu, akitazama mikono yake. Saa tatu na nusu nilisikia kishindo mlango wa nyuma.

"Fungua!"

Sikufungua. Niliambiwa mtu yeyote.

"Msomi! Ni mimi!"

Ningeweza kuitambua sauti. Lakini ilikuwa imekauka kwa vumbi, na mimi nilikuwa nimekabidhiwa jambo moja tu tangu nianze kazi. Nilibaki mezani. Ng'washi alinitazama, akatazama mlango, akanitazama tena. Kishindo kikakoma.

Mzee Kalinga alizunguka jengo akaenda kupanga foleni. Mbele yake walikuwa watu kumi na mmoja. Hakuna aliyempisha, alikuwa na unga wa mbao kwenye nywele na kila mtu alidhani ni mpasua magogo. Mlinzi alinisimulia kilichotokea alipofika dirishani.

"Jina?" Rozalia alimuuliza.

"Rozalia, usinichezee. Saa zinakwenda."

"Jina la baba?"

"Rozalia!"

"Una kadi?"

Hakuwa na kadi. Kadi alikuwa nayo Ng'washi. Alitoa karatasi, akaonyesha pembe yake. Rozalia aliisogeza kwenye mwanga, akasoma, "Saba mkwaju nne," akapeleka kidole chini ya ukurasa, pole pole, kama mtu asiyekumbuka kilichoandikwa pale.

"Inaanza na saba," alisema. "Pita, mzee."

Aliingia chumba chake mwenyewe kwa mlango wa watu, saa nne na nusu. Hakunigombeza. Ng'washi aliuona mhuri kabla hajamwona yeye, akasimama. Njia ya benchi la nne Mzee Kalinga aliiandika akiwa wima: Iringa, Mafinga, mpaka Usangu. Bwana Alinanuswe alitia sahihi bila kusoma, kama alivyotia sahihi vyote, na kwa mara ya kwanza tulimshukuru Mungu kwa hilo. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano.

Ng'washi alikunja kibali, akakifunga kwenye pindo la khanga.

"Nikirudi siku nyingine, baba, nitaingilia wapi?"

"Dirishani."

"Lile lile?"

"Lile lile, mama."

Akacheka, mara moja, kwa sauti. Halafu akaondoka kwa hatua ndefu. Mpaka zizini ni mwendo wa dakika arobaini kwa mtu asiyekimbia.

Mzee Kalinga hakwenda nyumbani baada ya kazi. Jumatatu aliniambia kwamba alitembea mpaka njia ya Mtera, akakuta zizi tupu. Hakumuuliza mtu. Aliinama barabarani akatazama alama za kwato. Zilikuwa zimeelekea mjini, kuja kwetu, siyo Mtera, na pembeni yake kulikuwa na alama za makatambuga jozi mbili.

Kikao cha utaratibu kilikaa mwezi uliofuata, kikasoma dokezo pamoja na ripoti yangu, kikaamua suala lichunguzwe zaidi. Wakati huo huo, mstari wa penseli ulikuwa unafanya kazi kuliko Mzee Kalinga alivyotarajia. Rozalia alikuwa mtu wa maandishi: chochote kinachoanza na saba. Akaja mtu na 7/19. Akaja mwingine na kadi ya mwaliko wa harusi, kiwanja namba saba, Mlandege. Akaja mzee wa Ruaha Mbuyuni na stakabadhi ya magunia saba ya vitunguu, ambayo alipewa sijui na nani. Wote walipita, wote wakasimama mbele ya meza ya Mzee Kalinga, na ilikuwa sasa ni juu yake kusema neno alilomchukia Rozalia kwa kulisema: hakipo.

Alikwenda kumuuliza anawezaje.

"Unatazama kitabu, mzee," Rozalia alisema. "Humtazami mtu."

Alijaribu kwa siku tatu, ikamshinda. Wiki iliyofuata aliagiza benchi jingine la msonobari, akaliweka karibu na mtungi wa maji, akaandika kwa rangi nyeupe, 7/6. Waliokuja kwa namba zisizokuwepo waliketi pale, wakanywa maji, na yeye, akipata nafasi, aliwaendea mmoja mmoja kuwaambia kwamba walichokitafuta hapa hakipo, na kuwaonyesha njia ya kurudi mbele. Siku nyingine lilikuwa benchi lililojaa kuliko yote.

Kila Januari ofisi ilinunua Kitabu cha Vyumba kipya. Rozalia alinakili vyumba vyote kumi na viwili kwa wino. Halafu aliweka kalamu chini, akachonga penseli, akaandika mstari wa mwisho.